Giaboksi Isiyo na Kelele

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Wanaosema hivyo hawajapanda Landrova ya Herman. Giaboksi yake kuukuu ilivuma kiasi kwamba aliyekaa kiti cha mbele ama alipiga kelele ama alinyamaza, na Herman alikuwa amenyamaza na la moyoni mwake miaka miwili.

Kila Ijumaa alipanda mlimani Vidunda kuchukua ndizi na maharage ya kupeleka Mikumi, na kila Ijumaa Yusta, mjane wa mwalimu, alikaa mbele, uso ameuelekeza dirishani. Herman naye alifiwa na mke. Alikuwa akisonga ugali wa mtu mmoja, na bado unabaki. Alitaka kumwomba Yusta waoane, lakini neno kama hilo hulisemi kwa kupiga kelele mbele ya wanawake sita waliokalia magunia huko nyuma.

Basi akaenda Kilosa kwa fundi Kondo wa mtaa wa Magomeni wa huko huko, aliyekuwa na giaboksi ya Landrova mpya iliyopinduka.

"Hii yako ni kelele tu, mzee, lakini nzima," Kondo alisema. "Ya nini kuitoa?"

"Nataka hiyo mpya."

"Mpya ni ndefu. Itabidi nikate shafti, nihamishe vishikizo, nitoboe na sakafu."

"Kata."

Kazi ilichukua siku nne. Herman alimshikia Kondo spana huku akifanya mazoezi ya maneno kimoyomoyo. Siku gari lilipotoka, lilikwenda kimya kama paka jikoni, na Herman akafurahi hadi akacheka peke yake barabarani.

Ijumaa Yusta akapanda. Wakateremka kona ya kwanza, ya pili. Herman akakohoa.

"Dada Yusta, nimebadilisha giaboksi. Sasa tunaweza kuongea."

Yusta alikuwa amebana pindo la kitenge mdomoni.

"Limekuwa zuri, kaka Herman. Hongera." Kisha akashusha sauti. "Ila mimi humu ndimo nilimokuwa nikimlilia mume wangu. Nyumbani sithubutu. Mama mkwe anasema tanga likishaondolewa, anayelia anaita msiba mwingine. Kwa ile kelele hakuna aliyenisikia. Hata wewe."

Hata yeye! Miaka miwili bega kwa bega, na hakujua. Herman alimwonea huruma, akaona na aibu, na yale maneno ya mazoezi akayaacha.

"Pole, dada," akasema, akaingia kona ya tatu.

Ijumaa iliyofuata Yusta alimsalimia vizuri tu, akapanda nyuma. Aliketi mwisho kabisa, mbali na wenzake, kitenge kichwani. Kiti cha mbele Herman aliweka kofia yake.

Walipoingia lami pale Kidodi, alimwona kwenye kioo. Mdomo ulikuwa wazi, mabega yakitikisika, lakini gari lilikwenda kimya mno, na wenzake wakaanza kumgeukia. Yusta akaufunga mdomo.

Herman akaingiza gia ya tano, ambayo giaboksi ya zamani haikuwa nayo, akakanyaga mafuta. Upepo ukavuma kama ile ya zamani, turubai likapigapiga, wanawake wakashika vilemba na kumtukana dereva kwa nguvu zao zote. Hakuondoa mguu mpaka Mikumi, wala hakutazama tena kwenye kioo.