Kimya cha Redio

Nyuma ya mlango wa chumba namba tisa kulikuwa na mtu anahesabu. Moja, mbili, tatu, mpaka ishirini, bila kukwama. Fundi cherehani aliyekuwa ameketi kwenye benchi la nje akainua kichwa. Sauti hiyo aliijua kwa miaka thelathini na mmoja. Ilikuwa ya mumewe, na mumewe alikuwa na miezi minne hajamwambia neno moja la maana.

Mume huyo alikuwa kinyozi, na wateja walimbatiza Redio. Alikuwa akikunyoa huku anakupa habari za mtaa mzima, na ukiondoka na yako ameshaibeba. Kisha kiharusi kikamwangusha. Mguu ulirudi, mkono ukarudi nusu, maneno hayakurudi. Lilibaki moja tu: sabuni. Akitaka maji, sabuni. Ukimuuliza ameamkaje, sabuni. Binti yao ndiye aliyesikia kwamba hospitalini kuna mtaalamu wa tiba ya usemi, akawaandikisha, mara mbili kwa wiki.

Fundi alipoingia siku ya kwanza akaona meza fupi ya watoto, kioo kikubwa ukutani, kadi za picha na filimbi za plastiki, moyo wake ukakataa. Mtaalamu mwenyewe alikuwa dada mdogo kuliko binti yake. Tena aliomba kubaki na baba peke yake, eti mtu akisikilizwa na wa nyumbani hubanwa na haya. Haya? Redio? Fundi akatoka nje, lakini masikio aliyaacha mlangoni.

"Huyo mzee wako anaongea vizuri tu," mama mmoja aliyekuwa akisubiri na mtoto wake mwenye kigugumizi alimwambia fundi. "Juzi ulipotoka kidogo alimtukana nzi humo ndani, wee! Tulicheka mpaka mwanangu akasahau kuogopa."

Fundi alitabasamu kwa adabu. Ndani alikuwa anachemka. Nzi anaambiwa maneno kamili. Mtaalamu anahesabiwa mpaka ishirini. Mke anapewa sabuni.

Hakumweleza mtu sababu ya wasiwasi wake, hata binti yake. Asubuhi ile ya kiharusi walikuwa wamegombana. Uchumba wa binti yao ulikuwa umevunjika, jambo la ndani kabisa, na kumbe Redio alishalitangaza kwenye kiti cha kunyolea. Fundi alilisikia kwa mteja aliyeleta suruali kupunguzwa. Aliingia ndani amefura. "Mdomo wako huo!" alimwambia. "Natamani siku moja ufungwe kabisa, nipumzike." Redio akavaa koti lake la kazi, akajibu, "Basi. Hutanisikia tena." Saa mbili baadaye watu walikuja kumwita fundi mbio.

Sasa fundi ungemwambia nini? Kwamba mtu aliyeahidi kunyamaza, amenyamaza kwa bahati tu?

Akaanza kumtega. Siku moja aliangusha mfuniko wa sufuria nyuma ya mgongo wake, aone kama atatoka na neno. Redio aliruka, akashika kifua, "Sabuni!" Siku nyingine aliita kutoka jikoni kwamba mtoto wa jirani amevunja kioo cha kinyozi, jambo ambalo zamani lingeleta hotuba. Kimya. Jumamosi aliaga kwamba anakwenda kununua uzi, akafunga mlango wa mbele kwa kishindo, akazunguka nyuma na kuingia kwa kunyata, viatu mkononi. Akamkuta mumewe amesimama mbele ya kioo cha kabati, anafungua mdomo na kuufunga, karatasi mkononi. Redio alipomwona kwenye kioo, aliisukumia karatasi mfukoni upesi kama mwanafunzi aliyekamatwa na jibu.

"Unaficha nini?"

"Sabuni."

"Usinifanye mtoto, baba watoto!"

Redio akageuka, akatazama ukuta.

Jumanne iliyofuata fundi hakuketi kwenye benchi. Aliingia chumba namba tisa pamoja na mumewe, akavuta kiti, akakaa.

"Leo nataka kujua," alimwambia mtaalamu. "Huyu anahesabu, nasikia. Anatukana nzi, nimeambiwa. Nyumbani ni bubu. Mnafundishana kuongea au mnafundishana kunikwepa mimi?"

Mtaalamu hakukasirika. Akamwomba Redio ataje siku za wiki. Zikatoka zote, kwa mfululizo. Kisha akainua kadi yenye picha ya mkasi, kitu alichokishika kila siku ya maisha yake, na kumuuliza hiki nini. Redio akafungua mdomo. Jasho likamtoka puani. "Sa... sa..." Akapiga meza kwa ngumi.

"Unaona, mama? Vitu alivyozoea kuvitoa bila kufikiri, kuhesabu, kuimba, hata matusi, vinapita vyenyewe kama chafya. Neno la kulitafuta ndilo limeziba njia. Hachagui nani wa kumwambia."

"Na karatasi aliyoificha?"

Redio mwenyewe aliitoa na kuiweka mezani. Ilikuwa michoro ya midomo, wazi na iliyofumbwa, na herufi chini yake. Zoezi la nyumbani. Fundi aliitazama, na bado hakuridhika.

"Muulize kama amenikasirikia," alisema.

Mtaalamu akasogeza kibao chenye NDIYO upande mmoja na HAPANA upande mwingine. Kidole cha Redio hakikusita. NDIYO.

Fundi akavuta kiti karibu na meza. "Kwa ajili ya yale ya asubuhi ile?"

Redio akakunja uso. Akamtazama mtaalamu, akamtazama mkewe, akainua mabega. Kidole kikaenda HAPANA, kisha kikazunguka hewani: asubuhi gani? Halafu akaanza kuigiza. Akaangusha mfuniko usioonekana, akaruka, akashika kifua. Akabeba viatu mkononi, akanyata kuzunguka meza fupi, makalio nje, macho huku na huku, mpaka mtaalamu akajificha nyuma ya kadi kwa kicheko. Alikuwa ameona mitego yote.

"Wengi hawakumbuki siku yenyewe ya kiharusi," mtaalamu alisema taratibu alipotulia. "Kama kulikuwa na jambo, mama, unalo wewe peke yako."

Angeweza kuliacha hapo. Njia nzima ya kurudi aliliwaza, na kila hatua lilionekana jambo jema: hakumbuki, basi. Lakini walipofika, alimketisha mumewe kando ya cherehani akamweleza lote, uchumba, mteja, suruali, na sentensi ile ya mdomo kufungwa, neno kwa neno. "Nilikuombea mabaya," alisema. "Yakaja."

Redio alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akaingia chumbani na kufunga mlango.

Siku tatu alinuna, na hapo ndipo fundi alipojua tofauti. Ule ukimya wa miezi minne ulikuwa umejaa juhudi, mikono, macho yanayoomba kusaidiwa. Huu mpya haukuomba kitu. Chai ilipoa mezani. Alipompita kwenye korido alijibana ukutani asimguse. Fundi alishona, akafumua, akashona tena, na hakumtega hata mara moja.

Siku ya nne mchana aliweka chakula, akakaa upande wa pili wa meza bila kusema lolote. Redio alionja. Akatafuna polepole, akaweka kijiko chini. Midomo yake ikafumba, ikafunguka, ikafumba.

"Chum... chumvi," alisema. "Hamna."

Fundi alibaki na mkono hewani. Machozi yalikuwa yanamjia, lakini tabia ni tabia; akamkazia jicho.

"Neno hilo umelijua tangu lini?"

Redio akainamia sahani yake, akaendelea kula, na ukingoni mwa mdomo wake kulikuwa na kitu ambacho fundi hakuweza kuapa kama ni tabasamu. Akaenda kuleta chumvi.