Mti Ulioinama wa Uberlinda

Nolberto alipanda kilima na keekee ya kutobolea miti begani, na Uberlinda akajua kuwa shemeji yake hakuja kumjulia hali. Alitaka nguzo za ghala, na jicho lake lilikuwa kwenye mti mmoja tu, ule ambao marehemu kaka yake, mume wa Uberlinda, aliubakisha alipofyeka malisho.

Mti huo ukiwa mchanga huitwa hualle. Ndani ni mweupe, na nguzo yake huoza kabla hujamaliza kujisifu. Ukikomaa moyo wake huwa mwekundu, jina nalo hubadilika: pellín. Nguzo ya pellín hukuzika wewe na mwanao. Kwa hiyo mtu hakati kwa kubahatisha. Hutoboa kwanza, akatazama unga.

"Ukitoka mweupe naondoka," alisema Nolberto. "Ukitoka mwekundu, shemeji, usinililie."

"Nikulilie wewe? Machozi yangu nimeyawekea vitunguu."

Lakini mti ule hakutaka uguswe. Kila Septemba mti ule ulimzalia digüeñe, uyoga wa matawini, viduara vya rangi ya chungwa. Zamani yeye aliangusha kwa fimbo ndefu, mumewe akidaka kwa kofia. Kofia bado ilining'inia jikoni.

Akaleta kigoda, akakiweka kando ya mti, upande wa juu wa mteremko, na chai chungu yenye mrija wake.

"Kaa hapa. Mgongo wako si wa juzi, na huko chini ni matope matupu."

Nolberto akakaa. Akazungusha keekee, akanyonya chai, akazungusha tena. Unga mweupe. Chuma kikazama chote hadi kwenye mpini: mweupe tu.

"Miaka yote hii, bado mtoto!"

"Kama wengine ninaowajua," alisema Uberlinda, akammiminia tena.

Septemba Nolberto alirudi kula. Alipomaliza bakuli la pili la digüeñe kwa kitunguu na giligilani, akautazama mti kwa muda mrefu.

"Shemeji, mti huu umeinamia bondeni."

"Tangu naolewa."

"Na mti ulioinama hunenepa mgongoni. Moyo wake hukaa upande wa chini."

"Hata kaka yako alikuwa akisema hivyo."

"Na wewe ukaniketisha juu, keekee isiufikie!"

"Kulikuwa na matope, Nolberto."

Nolberto akaitazama kofia ya kaka yake ukutani, iliyojaa uyoga pomoni. Kisha akasukuma bakuli.

"Haya, ongeza. Na kitunguu usikibanie."