Bunduki ya Mashoto

Mwanabaraka hakutaka kusikia habari za bunduki, na sababu alikuwa nayo.

"Ukitaka kununua, nunua," alimwambia binti yake Zainab asubuhi ile ya Jumamosi, kasimama jikoni kwake Lewisham, mwiko mkononi. "Una kazi yako, una flat yako, hukai tena kwangu. Lakini usinipitishie mlango huu hata siku moja."

"Itakaa kwangu, mama. Nina safe ya chuma, imefungwa ukutani. Polisi wamekuja wameikagua, kibali wameshanipa."

"Haya. Na mrudi mapema. Bi Nurjehan anaondoka kesho kutwa kwenda Maskati, na barua yangu haijaandikwa. Baba'ko aje aniandikie."

Barua hiyo kila mtu wa nyumba ile aliijua kwa moyo. Ilikuwa ikimuulizia Himid, kaka yake Mwanabaraka, aliyechukuliwa nyumbani kwao Ng'ambo, Unguja, siku za mapinduzi. Walikuja watu watatu. Wawili waliingia ndani, mmoja akabaki mlangoni, uso kauzungushia kitambaa. Himid akatoka nao, na tangu siku hiyo mpaka leo, mwaka wa tisini na tano, hakuonekana yeye wala kaburi lake. Wako waliosema kafa. Wako waliosema katoroka, yuko Uarabuni, kabadili jina. Mwanabaraka aliwaamini hao wa pili, kwa sababu ndio waliomwezesha kulala. Hitma hakukubali isomwe. Alisema hitma husomewa maiti, na yeye maiti hajaletewa.

Basi kila msafiri alibebeshwa barua. Mwanabaraka aliishia chuo cha Kurani, akijua herufi za Kiarabu tu, kwa hiyo mwandishi alikuwa mumewe, Talib. Hati yake ilikuwa mbaya ajabu, utadhani kuku kapita juu ya karatasi, na mkewe hakuacha kumtania. "Wasomaji wangu watapofuka," husema, na Talib hucheka, akaendelea kukwaruza kwa mkono wake wa kulia.

Kisa cha yule mtu wa mlangoni Zainab alikijua tangu utotoni, na alikijua kwa macho zaidi kuliko kwa masikio. Mama akifika hapo huuinua mwiko, akauegemeza kwenye bega la kushoto. "Mashoto yule," husema. "Bunduki kaiweka hivi. Halafu mkono huo huo wa kushoto akaurusha kwa juu, akavuta chuma upande wa pili, hivi!" Na mkono wake huruka juu ya mwiko. Talib, kama yupo, wakati huo huinuka kwenda kuweka birika motoni. Watoto wake walidhani ni huruma.

Na Zainab mwenyewe alizaliwa mashoto. Alipoanza kushika kijiko, baba yake aliufunga ule mkono kwa leso ya mama, akaukaza kiunoni, mpaka mtoto ajue kula na kuandika kwa kulia. Kula, sawa, kila mtoto wa Kiislamu hufundishwa hivyo. Lakini Talib alimfunga hata akichora, hata akirusha mpira. Mama alikuwa akimsihi, "Muachie mtoto, Talib, atacheza vipi?" Talib mpole, Talib asiyeua hata mende, kwa jambo hilo moja tu alikuwa mkali. Alisema ni dini. Zainab alikua akiuonea haya mkono wake mwenyewe, kama aibu aliyozaliwa nayo.

Aibu hiyo ilikuja kumtoka kwenye klabu ya shabaha. Alikuwa fundi wa eksirei hospitalini, na mwenzake wa kazini, Kalpana, ndiye aliyempeleka siku ya kwanza, kwa mzaha tu. Kalpana alichoka baada ya wiki tatu. Zainab akanogewa. Alipenda ule utulivu wa kuvuta pumzi, kuitoa nusu, kungoja. Tatizo ni kwamba alikuwa hapati. Mwaka mzima risasi zake zilipita pembeni ya duara, na Gurdial Singh, mwalimu wao, mzaliwa wa Nakuru, akawa anakuna ndevu. Mwisho akamwambia aielekezee saa ya ukutani kidole, macho yote mawili wazi, kisha afumbe moja moja. Kidole kilibaki kwenye saa pale alipotazama kwa kushoto.

"Dada, jicho yako ni ya kushoto," Gurdial alisema. "Na mkono?"

Zainab alisita, kisha akakiri. Wiki ile ile alianza kupigia bega la kushoto, na karatasi yake ya kwanza ikatoboka katikati. Alilia pale pale, watu wakadhani kaumia.

Kwa hiyo leo alikuwa anakwenda kuchagua bunduki yake ya kwanza, ya mashoto, na baba yake kajitolea kumsindikiza. "N'takuja kutazama tu, wasikuuzie kibovu," alisema. Zainab alifurahi kuliko alivyoonyesha. Alidhani ndiyo njia ya baba yake ya kuomba radhi kwa ile leso.

Duka la Gurdial lilikuwa Kenton, dogo, katikati ya duka la viungo na la sari. Mwenyewe aliwapokea kwa chai, akamwita Talib mzee, akaanza somo lake.

"Sikiza mimi. Watu wanakuja hapa wanataka bunduki ya kuua nyati. Nyati iko wapi hapa Kenton? Wewe anza na hii ndogo, twenty-two. Haipigi bega, risasi yake si ghali, utatoboa karatasi mpaka uchoke. Baadaye unaenda shamba ya mtu na ruhusa yake, unapiga sungura. Kulungu ngoja. Kulungu sheria inataka bunduki kubwa, na kibali ingine."

"Sungura wananitosha," Zainab alisema. "Nataka siku moja nimpikie mama nyama niliyoiwinda mwenyewe, niliyoipigia bismillahi mwenyewe."

Gurdial aliweka ya kwanza juu ya kaunta. Ilikuwa ya shabaha tupu, mtutu mnene, nzuri kupita kiasi, na nzito. Alimwambia aishike akihesabu mpaka sitini. Ilipofika arobaini mtutu ukaanza kucheza. "Hii ni ya kulala chini na kupiga. Ukitembea nayo shambani utaitupa," alisema, akairudisha. Ya pili ilikuwa nyepesi. Alimpima kwa kuweka kitako cha bunduki kwenye kiwiko chake kilichokunjwa, na kidole cha Zainab hakikukifikia kifyatulio. Ndefu.

Ya tatu ilikuwa imetumika. Mwenyewe alikuwa mwalimu wa shule, mashoto, aliyezeeka akaacha. Mbao yake ilikuwa na mikwaruzo, lakini kipini cha bolti, kile chuma unachokivuta ili risasi iingie, kilikuwa upande wa kushoto. Zainab hakuwahi kuona bunduki iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu kama yeye. Za klabu zote kipini kilikuwa kulia, na alikuwa akihangaika nazo. Aliiinua, akaiweka begani, na kwa sababu baba yake alikuwa anamtazama, ile haya ya zamani ikamrudia. Kiwiko kikamlegea, shingo ikamkakamaa.

"Si hivyo," Talib alisema.

Alisema kama baba yeyote anayeona mtoto anafunga kamba za viatu vibaya. Akanyoosha mikono, akaichukua. Kitako kikaingia kwenye bega la kushoto bila kutafuta, shavu likalala penye mbao. Kisha mkono wake wa kushoto uliruka kwa juu, ukavuka bunduki, ukashuka upande wa kulia kutafuta kipini ambacho hakikuwapo.

Ulishika hewa. Vidole vilijifumba na kujifumbua mara mbili.

Gurdial alicheka kwa furaha. "Mzee! Hivyo ndivyo watu wa mashoto walifanya na zile rifle za zamani! Hii kipini iko kwako, huku huku. Ulikuwa jeshi gani?"

"Jeshi? Sikuwa jeshi," Talib alisema, akaiweka bunduki juu ya kaunta. "Nimeona sinema."

"Sinema haifundishi hiyo. Huo ni mkono umezoea."

Zainab hakucheka. Alikuwa anauona mwiko wa mama yake. Mara ngapi ameuona? Alimtazama baba yake usoni, na baba yake akatazama chai. Hapo akajua.

"Niwekee hii," alimwambia Gurdial. "N'tairudia."

Kwenye treni Zainab alingoja mpaka Harlesden. Behewa lilikuwa na watu wengi, lakini Kiswahili kiliwafanya wawe peke yao.

"Ni wewe," Zainab alisema. "Mlangoni."

Talib angeweza kukana. Zainab alimwomba Mungu akane. Lakini mzee alikuwa kachoka, labda tangu zamani.

"Nilikuwa na miaka ishirini na moja," alisema. "Walinipa bunduki, wakanifundisha siku mbili. Nikaambiwa simama mlangoni. Sikumpiga miye, Zainab. Wallahi si miye niliyempiga."

"Kwa hiyo alipigwa risasi."

Talib akaitikia kwa kichwa. "Alfajiri ile ile. Nilikuwapo."

"Na mama? Ulimjua?"

"Siku ya kwanza tu nilipomuona Dar, kwa mama yake mdogo. Yeye hakunijua, uso wangu hakuwahi kuuona. Nikasema n'tamuoa, n'tamtunza, asipate shida tena maishani. Na sikumtunza? Nimewahi kumnyanyulia sauti?"

Hilo ndilo lililomuwasha Zainab. Kijana wa miaka ishirini na moja aliyepewa bunduki, huyo pengine angeweza siku moja kumuelewa. Lakini mtu mzima aliyekaa kitako kila mwaka, akaandika kwa mkono wake *tafadhali tujulisheni kama yu hai*, na anajua hayu hai! Akaitia barua kwenye bahasha, akailamba, akaibandika. Na mkono wenyewe wa kuandikia haukuwa wake. Ndiyo maana ya ile hati ya kuku.

"Na mimi ulinifunga," alisema, na sauti ilimpanda mpaka watu wakageuka. "Haikuwa dini. Uliogopa mama akiniona mimi atauliza nimemrithi nani. You tied up a child, baba. Ulinifunga kwa leso yake!"

Talib alifunika uso. Zainab hakumpa kitambaa.

Walipobadili treni Charing Cross alimwambia kwa utulivu, "Leo utamwambia. Usipomwambia wewe, n'tamwambia mimi."

"Atakufa, mwanangu."

"Aliyekufa ni kaka yake. Mama ana haki ya kujua."

Nyumbani Mwanabaraka kashatandika meza. Wali ulikuwa umefunikwa, karatasi na kalamu viko tayari kando ya birika. Hakuuliza habari ya bunduki. Alimkalisha mumewe, akasimama nyuma ya kiti na mwiko wake, akaanza kumwandikisha kama kawaida.

"Andika. Assalamu alaykum. Ama baada ya salamu, mimi ni Mwanabaraka, dada yake Himid, na ninaomba yeyote mwenye habari zake..."

Talib alishika kalamu kwa mkono wa kulia, akaandika. Zainab alingoja. Aliandika mstari wa kwanza. Akaandika wa pili. Zainab alimwona anafika kwenye *yu hai*, anaendelea, na akaelewa kwamba baba yake ataimaliza barua hii kama alivyozimaliza zote, ataikunja na kuomba wali. Mapenzi aliyokuwa nayo kwake yalimkatika pale mezani.

Aliinama, akaichomoa kalamu vidoleni mwake, akaitia kwenye mkono wa kushoto.

"Andika kwa mkono wako, baba."

Mkono ule, kwa kuwa ulikuwa juu ya karatasi na kalamu imo ndani yake, ukaandika jina moja. Himid. Herufi zilitoka nzuri, za mviringo, zimelala pamoja. Ilikuwa hati ya mtu mwingine kabisa.

Mwanabaraka aliitazama hati. Akautazama mkono. Mwiko polepole ukashuka mpaka ukagusa gauni lake. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kuna jambo sikupata kumwambia mtu. Wala nyinyi. Himid alipotoka alikuwa kichwa wazi. Nilikimbia na kofia yake." Akauweka mwiko mezani. "Kofia ile alivaa mwenyewe?"

Talib hakuinua macho. "Nilimvalisha miye," alisema. "Ulinipa miye. Yeye mikono ilikuwa imefungwa."

Jikoni sufuria ya mchuzi ilikuwa inaungua, na hakuna aliyekwenda kuitoa. Zainab alitaka kumshika mama yake, lakini Mwanabaraka alimzuia kwa kiganja. Aliichukua ile barua, akaichana vipande viwili, akaviweka juu ya sahani ya mumewe.

"Miaka thelathini na moja," alisema. "Nimemuombea arudi, na wewe unaitikia amina."

Akamgeukia binti yake.

"Zainab, mpigie simu maalim. Mwambie hitma ya kaka yangu ni Ijumaa, hapa hapa, nyumba iwe wazi kwa kila mtu." Kisha akamtazama Talib kwa mara ya kwanza tangu aione hati ile. "Na wewe utasimama mlangoni. Ndipo ulipozoea."