Kikohozi cha Bosi

Takwimu zilikuwa mezani: tamthilia yangu iliongoza kwa watazamaji wiki ya kumi mfululizo. Bosi wa kituo akaisukuma karatasi pembeni.

"Tunaifuta."

Nikasimama. "Kwa kosa gani, mzee?"

Bosi akatazama dirishani. Katibu wake, aliyekuwa akimimina chai, akainamisha kichwa. Yule tajiri mwongo kwenye tamthilia hukohoa mara mbili kabla ya kila uongo, na kituo kizima kilijua nimemwiga nani.

"Siondoki hapa bila jibu!"

Bosi akajishika koo. Akajikaza mpaka machozi yakamlengalenga, mimi nimemkazia macho, katibu ameacha kumimina. Ikamshinda. Akakohoa mara mbili.

"Bajeti," akasema.

Katibu akakimbilia nje, akacheke huko.