Maneno ya Ottmar Riesch

Ottmar Riesch alikuwa na sauti ya kuwatoa machozi wauza bia wote wa mtaa wa Wajerumani pale New York, na kichwa kisichoshika hata ubeti mmoja. Tangu ashuke melini akitokea Bremen alikuwa ameimba opera ishirini na tatu, na hakuna hata moja aliyoyajua maneno yake. Aliyeyajua ni mkewe, Walburga. Onyesho zima alikuwa akikaa ndani ya kisanduku chini ya ukingo wa jukwaa, kitabu mapajani, akimnong'oneza kila mstari kabla hajauimba. Magazeti yalimsifu Ottmar kwa jinsi anavyoinamisha uso kwa huzuni. Huzuni gani, mtu alikuwa anasikiliza.

Miaka kumi na miwili walizunguka hivyo, Cincinnati, St. Louis, New Orleans, mpaka Ottmar akaapa kwamba kuzunguka sasa basi. Wakapanga vyumba viwili Hoboken, ng'ambo ya mto kutoka New York, na Walburga akapanda kabichi. Jumamosi moja, saa moja kabla ya onyesho la mchana, nyuma ya jukwaa, alikuwa akitafuta leso kwenye koti la mumewe akakuta mkataba: California, miaka miwili. Haukuwa umetiwa saini. Bwana Kesselbach, mwenye kundi la waimbaji, angekuja kuuchukua onyesho likiisha.

"Ulitaka kuniambia lini? Tukishafika?"

"Nilikuwa natafuta maneno, Burga."

"Maneno. Wewe."

Ottmar alijitetea kwamba Kesselbach ni mtu muungwana, amemlisha soseji mara tatu, na mbele yake ulimi unakuwa mzito. Kweli, mume huyu kusema hapana hakujui. Angemwomba radhi hata mwizi kwa kuwa na mifuko mitupu. Walburga alimwambia kwamba yeye kabichi zake haziachi, na kwamba jibu atalitoa Ottmar kwa kinywa chake mwenyewe. Kisha akaingia kisandukuni na hasira zake.

Katika sehemu ya tatu Ottmar, akiigiza askari aliyefungwa gerezani, alipaswa kuuaga mnara wa baba yake. Kesselbach alikuwa kiti cha mbele, anamenya peremende. Walburga akamtazama mumewe, akakifunga kitabu, akanong'ona:

"Bwana Kesselbach, California siendi."

Ottmar akafumbua kinywa kama kawaida yake, akaimba hivyo hivyo, kwa uchungu mwingi. Akina mama wakatoa leso. Peremende ya Kesselbach ikaanguka. Ni pale tu neno California lilipomtoka ndipo Ottmar alipong'amua anachoimba, akawa mwekundu mpaka masikioni. Kiongozi wa muziki, mtu mwenye busara, akawa anawarudisha wapiga vinanda sehemu ile ile, ili kumsubiri.

Hasira zote zikamwisha Walburga, akabaki na hofu. Amemwaibisha mumewe mbele za watu mia tisa, kwa kinywa alichokabidhiwa akitunze. Akafungua kitabu, akaupata mstari wa mnara, akataka kuusema. Lakini safari hii hakuthubutu kumtia tena maneno kinywani. Ikawa kimya kule kisandukuni, mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili.

Ottmar akainamisha uso, akangoja, akaona hakuna kitu. Basi akauinua, akaimba, kwa ile sauti ya juu kabisa aliyoikwepa tangu mwaka juzi:

"Nabaki Hoboken, na mke wangu."

Walburga akatazama kitabuni. Maneno hayo hayamo, na yeye hakuyasema.