Mama Upawa na Matanga ya Bondo

Dorca hakuwa mtu wa kupiga kelele. Akikasirika, sauti yake hushuka, na kila neno hutoka limenyooka kama sindano. Ndiyo maana Wepukhulu, alipomsikia akiuliza polepole namna ile pale mlangoni mwa ukumbi wa video, aliweka chini kipaza sauti chake.

“Rudia,” Dorca alisema. “Kaseti iko wapi?”

“Si nimekuambia. Masinde ameenda nayo Bondo. Ako na matanga ya kupiga video leo. Kaseti mpya ilitafunwa na kamera jana jioni, maduka yamefungwa, akachukua hiyo yako ya supu.”

“Ile ilivunjwa kile kidude cha nyuma, makusudi, ili mtu asirekodi juu yake.”

“Aliziba na selotepu.” Wepukhulu alijaribu kucheka. “Dada, nayo hiyo ni filamu? Mama mzee anapika mpaka watu wanalala. Kabla mtu apigwe teke la kwanza, mimi nishamaliza maneno.”

“Hukuwahi kuwa na maneno,” Dorca alimwambia, akageuka.

Ukumbi huo ulikuwa Manyatta, nyumba ya mabati yenye mabenchi na televisheni moja iliyofungiwa kwenye kabati la vyuma. Mwaka huo wa tisini na mbili kumbi za aina hiyo zilikuwa zimeota kila kona ya Kisumu, na kila ukumbi ulikuwa na mtu wake wa kutafsiri. Wepukhulu ndiye aliyekuwa mtafsiri wa Masinde, mwenye ukumbi. Alikaa kando ya televisheni na kuwaeleza watu sinema anavyotaka yeye. Mchina akilia kwamba mama yake amekufa, Wepukhulu alisema amekosa ugali. Sehemu za mazungumzo aliziruka kwa kitufe, filamu ikakimbia kama inafukuzwa na nyuki, mpaka mateke yaanze tena. Watu walipiga makofi. Dorca alisema huko si kutazama sinema, ni kula samaki aliyetolewa mtoni sasa hivi, na matumbo yake.

Alikuwa na maoni mengi, na hakuwahi kuazima hata moja kwa mtu. Alikuwa na stashahada ya uhazili, siku za wiki akifundisha kupiga chapa katika chuo kidogo huko Port Victoria, na kila Jumamosi alirudi Kisumu kwa ajili ya sinema. Walimu wenzake walimwuliza mtu aliyesoma anatafuta nini kule kwenye mabati. Hao aliwajibu. Aliwaambia kwamba katuni si za watoto. Mtoto humcheka paka aliyepondwa kwa nyundo, lakini mtu mzima ndiye anayejua kwa nini paka huyo huinuka tena na kumrudia panya yule yule. Aliwaambia kwamba mashine ya gemu iliyokuwa nyuma ya duka la Natwarlal ilikuwa na haki kuliko serikali ya kijiji: ukitumbukia shimoni ni mguu wako mwenyewe uliokosea, hakuna mjomba wa kukuvusha. Na aliwaambia kwamba filamu bora kuliko zote zilizowahi kufika ziwani ni ile ambayo kila mtu aliidharau.

Filamu hiyo haikuwa na jina. Mzee Natwarlal alipofunga biashara yake ya kukodisha kaseti, Masinde alinunua zilizobaki ndani ya katoni moja, na hiyo ilikuwa chini kabisa, haina jalada wala karatasi. Ndani yake kulikuwa na bibi kizee wa Kichina aliyeuza supu kando ya mto. Alikata vitunguu. Alichochea moto. Askari walikuja wakala, wezi wakaja wakala, ndugu za marehemu mumewe wakaja wakala na kumtukana juu ya hayo, naye akawapakulia tu. Mwishoni kabisa, walipompindulia chungu, aliinuka na upawa mkononi. Hapo ndipo alipozungumza kwa mara ya kwanza.

Siku ya kwanza Wepukhulu alitafsiri kwamba bibi ni mchawi na supu ni ya kuwaua watu. Dorca, aliyekuwa akisoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha, alitoka kwenye benchi na kumnyang'anya kipaza sauti. Akaitafsiri yeye, kwa Kiswahili kilichokamilika, bila kuruka hata kitunguu kimoja. Vijana wakatoka nje wakizomea kwamba hiki ni Kiswahili cha redio. Waliobaki walikuwa wanawake wauza samaki wa soko la Kibuye, waliokuwa wameingia kujisetiri na mvua.

Jumamosi iliyofuata wakarudi bila mvua. Wakaja na wenzao, na beseni la mahindi ya kuchemsha. Baada ya miezi michache walikuwa wanaijua yote kwa moyo. Bibi alipokata vitunguu walijifuta macho. Mwanzoni walimwita Mama Kijiko, mpaka Dorca akawaambia kijiko ni cha chai, huu ni upawa. Na wakati ule wa mwisho ulipofika, bibi akiwa amesimama juu ya supu iliyomwagika, ukumbi mzima ulisema pamoja naye maneno ambayo Dorca aliyahangaikia wiki nzima kabla ya kuyapata: “Nimewalisha nyote. Sasa nani ataosha vyungu?”

Aliyeyasema kwa nguvu kuliko wote alikuwa mama mmoja mnene, mpole, aliyeitwa Benta, ambaye kila mara aliondoka mbio filamu ikiisha. Jumamosi mbili hakuwa ameonekana.

Sasa maneno hayo yalikuwa Bondo, ndani ya kamera ya Masinde, na juu yake wazee wa watu walikuwa wakisifiana.

Dorca alifika jua likiwa la utosi. Boma lilikuwa limejaa mahema, viti na moshi wa kupikia. Jeneza lilikuwa chini ya turubai, na kando yake Masinde, kamera begani, nyaya zikimfuata kama utumbo.

“Zima,” Dorca alimwambia sikioni.

“Nani amekuleta hapa?”

“Zima hiyo kamera, Masinde.”

“Hii ni matanga. Unataka nipigwe?” Hakuondoa jicho kwenye kioo. “Alafu umechelewa. Supu imeisha kitambo. Vitunguu, mto, askari, yote imeenda. Mwili ulivyotoka mochari, kwaya, mapadri. Imebaki kipande kidogo ya mwisho.”

“Kipande hicho ndicho filamu.”

“Basi omba Mungu wasemaji wawe wafupi.”

Alisema hivyo kwa mzaha, lakini Dorca aliangalia mstari wa waliosubiri kusema na kuanza kuwahesabu. Kila aliyekwenda mjini akarudi na koti alitaka kuonekana kwenye video. Mmoja alieleza jinsi alivyopata cheo. Mwingine alitaja magari yaliyokuja pamoja naye. Kamera ilikuwa imewafanya wote kuwa maiti muhimu kuliko yule wa kwenye jeneza. Dorca alisimama pale akisikia, neno kwa neno, bibi yake wa supu akifutwa na wanaume wanaosema “kwa hayo machache” na kuanza upya.

Ndipo alipowaona wanawake wa Kibuye, wamekaa chini kwenye mkeka na leso zao nyeupe za chama.

“Nyathina, umekuja,” mmoja alimwambia, akimwita mtoto wake kama walivyozoea. “Tulifikiri habari haikufika Port Victoria.”

“Habari gani?”

Mwanamke yule alielekeza kidevu kwenye jeneza. Kwenye kiti cha mjane, nguo nyeusi, alikuwa Benta.

Dorca alikaa chini. Hakuwa ameuliza matanga ni ya nani. Alikuwa ametoka Kisumu hadi hapa akibeba hasira yake kama beseni, asimwage hata tone, na hakuuliza. Kwa muda mfupi aliona haya. Kisha Gordon, mdogo wa marehemu, akapewa kipaza sauti, na hasira ikapata njia nyingine.

Gordon alifanya kazi Nairobi na alizungumza akiitazama kamera. “Ndugu yangu Oduor aliumwa mwaka mzima,” alisema. “Mguu ulioza, mpaka akawa wa kitanda. Sisi ndugu zake tuliumia sana kule mbali. Lakini lazima ukweli usemwe. Kuna mtu alikuwa karibu, na kila Jumamosi mtu huyo alimwacha mgonjwa akaenda kukaa video na vijana wa Manyatta. Watu wameniambia. Mke wa mtu, kwa video. Mimi sisemi zaidi. Familia itakaa kuhusu hii nyumba, na shamba, na nani anafaa kubaki.”

Minong'ono ilipita kwenye mahema. Benta alikuwa akitazama mikono yake. Nyuma yake sufuria zilikuwa zikiteremshwa, na wake wa shemeji zake walikuwa wamekwisha kujipanga na sahani.

Masinde akamgusa Dorca begani. Pengine alikuwa na aibu, kwa kuwa vijana wa Manyatta walikuwa wateja wake. “Tepu iko karibu kuisha,” alinong'ona. “Huyu amemaliza. Nikizima sasa, utapata mwisho wako mzima. Nitasema betri imekufa.”

Ndicho alichokijia. Mkono wake ulikuwa karibu kuinuka umpe ishara.

Benta akasimama.

Hakuwa kwenye ratiba. Mwendesha shughuli alimwambia, “Mama, mjane haongei, shemeji amekuongelea,” naye akachukua kipaza sauti mkononi mwake kama mtu anayemwondolea mtoto kisu.

“Nizime?” Masinde aliuliza.

Dorca alimwona bibi wa mtoni, amesimama kwenye supu, upawa ukiinuka. Hakukuwa na kaseti nyingine. Natwarlal alikwisha kuhama, na jina la filamu halikujulikana na mtu yeyote ziwa zima. Akamtazama Gordon, aliyekuwa amekwisha kukaa na kukunja miguu, kichwa kikiwa juu, maneno yake yakiwa salama ndani ya kamera kwa wajukuu na wajukuu wa wajukuu. Kama Masinde angezima sasa, hilo ndilo lingekuwa neno la mwisho.

“Usizime,” alisema. “Msogelee. Chukua uso.”

Benta alizungumza Kijaluo, taratibu, sauti ile ya sokoni anayotumia mnunuzi akimdanganya.

“Ni kweli nilienda video,” alisema. “Oduor alinituma. Jumamosi ya kwanza nilinyeshewa nikaingia, nikarudi nikamsimulia. Siku iliyofuata akaniuliza, yule mama bado anapika? Basi kila Jumamosi ananisukuma kwa fimbo yake, nenda, ukaangalie vizuri, juzi uliruka mahali. Nikirudi nakimbia. Nakaa kitandani namwosha mguu huku namwambia. Nikianza na vita, anakataa. Anasema, anza pale anapokata vitunguu.”

Mtu mmoja alicheka kidogo. Dorca alikuwa amefunga mdomo kwa kiganja.

“Shemeji Gordon, wewe ulisikia harufu ya ule mguu? Hapana. Ulituma salamu. Nyinyi nyote mlituma salamu. Leo mmekuja na makoti, mmekula jana, mmekula asubuhi, na chakula cha sasa nimekiona kinateremshwa. Ni samaki wangu. Mnataka kukaa kikao kuhusu nyumba yangu mkiwa na samaki wangu tumboni.”

Akavuta pumzi, akaacha Kijaluo, na maneno yaliyofuata yakatoka kwa Kiswahili kile kile cha redio, kila herufi mahali pake, kama alivyofundishwa gizani Manyatta.

“Nimewalisha nyote,” alisema Benta.

Na wanawake wa Kibuye, kwenye mkeka, bila kutazamana, wakamalizia pamoja naye, “Sasa nani ataosha vyungu?”

Gordon alishusha mguu uliokuwa juu ya mwenzake. Wake za shemeji, sahani mkononi, hawakujua wazipeleke wapi. Kisha mzee mmoja wa ukoo, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akasema kwamba nyumba ya Oduor ni ya Benta na hapatakuwa na kikao, na kwamba vijana waliotoka Nairobi waende mtoni wachote maji. Kamera ikachukua na hayo. Ikamchukua Gordon akiinuka, akitafuta pa kuweka koti lake. Halafu ikalia mlio mfupi na kusimama.

“Imeisha,” Masinde alisema. “Mpaka ukingoni.”

Jumamosi iliyofuata aliiweka kaseti kwenye mashine, ukumbi ukiwa haujafunguliwa, ili Dorca aone kama kuna kilichobaki. Walitazama Gordon akiongea, Benta akisimama, uso wake ukijaa kioo chote. Baada yake kulikuja mikwaruzo, na kwa kitambo kisichotosha kupiga chafya, bibi wa mtoni akaonekana ameinama, anausuuza upawa wake. Kisha kioo kikajaa chengachenga nyeupe.

“Ona,” Masinde alisema. “Kidogo imebaki. Sasa tumepatana?”

Dorca alitoa kaseti, akabandua ile selotepu kwa kucha, taratibu, mpaka tundu likabaki wazi tena. Akaitia kwenye mfuko wake wa kitenge. Ilikuwa ya Benta, na angempelekea Bondo mwenyewe.

“Hatujapatana,” alisema, kwa ile sauti yake ya chini. “Ulifuta filamu bora kuliko zote zilizofika ziwa hili kwa sababu mtu alikuwa anakata vitunguu. Na leo jioni wanawake wa Kibuye wanakuja. Utafungua mlango, utazima hiyo televisheni, na Wepukhulu atanipa kipaza sauti.”

“Utawaonyesha nini?”

“Nitawasimulia,” Dorca alisema. “Kuanzia vitunguu.”