Chuma cha Kupanda na Kushuka

Saa mbili asubuhi Nangila alikuwa amechuchumaa nyuma ya Datsun yake pale Dandora, uzi wenye fundo mkononi, akimwonyesha Muasya, fundi wa kuchomelea, urefu kutoka chini hadi kwenye bampa. Tangu mumewe afariki, pikapu hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na bintiye Shirleen. Alikuwa akichota maji na kuyauza kwenye mijengo iliyokuwa ikichipuka mtaani Pipeline, maana mwaka huo mifereji ya Eastlands ilikuwa ikitoa upepo tu. Sasa Gichuru, msimamizi wa mjengo mmoja, alikuwa amemwambia bila kuzunguka: kufikia saa sita alete maji maradufu, la sivyo kazi anapewa mwenye lori.

Nangila akakodi tela la tangi. Kilichobaki ni chuma cha kulivutia.

"Umepima gari likiwa tupu, Mama Shirleen," Muasya akasema. "Nikichomelea hapo, ukipakia mitungi gari linakaa chini na tela linainamisha pua. Ukifunga breki mara moja tu, litakusukuma mpaka mtaroni."

Nangila aliona haya. Miaka minne anabeba maji, na hajawahi kujiuliza gari lake hushuka kiasi gani. Wakapakia mitungi ishirini, wakapima tena. Lilikuwa limeshuka vidole vinne. Isitoshe, matela ya kukodi hayakuwa na kimo kimoja: hili lilikuwa na ekseli ya Peugeot, lile ya Land Rover, na kesho ungepewa lolote lililokuwepo.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Muasya aliijua kazi yake. Alimwekea vyuma viwili chini. Cha kwanza kilikuwa kipande kimoja, hakisogei, na bei yake ya kirafiki. Cha pili kilikuwa na matundu matano. Ukitaka kukipandisha au kukishusha unachomoa pini, unaihamishia tundu jingine, unakaza nati mbili, basi.

"Hiki cha matundu, punguza kidogo, fundi."

"Wacha nikwambie ukweli, mathe. Vyuma vimepanda bei tangu Krismasi. Nikipunguza nitakula nini, cheche?"

Nangila alichukua cha matundu. Kodi ya nyumba ikaingia mfukoni mwa Muasya, naye akafunga, akakaza. Nangila alikitikisa kile chuma kwa mikono miwili, kisha akakipiga teke. Hakikucheza. Akaliunga tela, akaondoka na moyo mweupe.

Hakufika. Kwenye Outer Ring Road polisi wawili walimsimamisha. Mmoja alizunguka nyuma, akainama.

"Mama, hii chuma imelegea."

"Haijalegea, afande. Itikise."

Hakukitikisa. Aliingiza kidole kwenye tundu. "Na hizi shimo ni za nini?"

"Za kupandisha na kushusha."

"Sasa kitu kinapanda na kushuka, utaniambia kimekaza? Wacha mchezo, mama. Ongea vizuri."

Kuongea vizuri, kila dereva wa Nairobi anajua, ni kutoa kitu kidogo. Nangila hakuwa na hata ya sukari. Pikapu na tela vikapelekwa kituoni, yeye akapelekwa mahakamani Makadara. Saa sita ilimkuta kwenye benchi, na akajua kwamba kazi ya Gichuru imeshapata mwenyewe.

Kando yake aliketi Phares, dereva wa lori la mchanga, ametulia kama mtu anayesubiri kunyolewa.

"Wewe kubali tu, mathe," alimnong'oneza. "Unapigwa faini, ndugu yako analeta pesa, jioni uko na gari lako. Mimi nimeshakubali makosa hata majina yake siyajui."

"Na chuma changu?"

"Hicho utaambiwa ukikate. Si utafunga kingine."

Washtakiwa walikuwa wakiitwa kumi kumi, kila mmoja akijibu shtaka lake. Kweli. Kweli. Kweli, mheshimiwa. Nangila aliwasikiliza mmoja mmoja. Gari alilitaka, Mungu ndiye shahidi, lakini lile neno lilikataa kutoka.

"Kuendesha gari lenye chuma kilicholegea. Kweli au si kweli?" karani wa mahakama alimsomea zamu yake ilipofika.

"Si kweli."

Hakimu aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Mama, umeelewa swali? Ukikana, gari linabaki kituoni mpaka kesi iishe."

"Nimeelewa, mheshimiwa. Chuma hakijalegea. Hakuna aliyekitikisa."

Kesi ikasogezwa hadi mwezi ujao. Dhamana ilikuwa shilingi elfu tano, na hakuwa nazo, kwa hiyo askari akamshika mkono kumteremsha rumande. Alipopita kando ya meza ya karani aliiona orodha ya siku hiyo. Yalikuwa majina thelathini na moja, na mbele ya kila jina, hata la wale ambao walikuwa bado hawajaitwa, palikuwa pameandikwa "Amekubali" kwa wino uliokauka zamani. Karani alikuwa akipekua droo, akitafuta rula ya kukatia neno hilo mbele ya jina la Nangila.